Kumpa jina binti wa Mongolia

Swali la mwandishi kijana:

"Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya fupi ya vijana inayotokea Mongolia, zama hizi. Mhusika mkuu ni Tuya Khan, msichana wa miaka 17. Baba yake ni Batu Khan, mfugaji. Mama yake ni Borte Khan. Kaka yake anaitwa Genghis, na bibi yao ni Mama Khan. Wanaishi kwenye hema katikati ya mchanga wa Gobi, na Tuya huwinda kwa tai. Majina nimeyaokota mtandaoni. Je, yanafaa? Na nifanyeje ili msomaji aamini kwamba yuko Mongolia kweli?"

Marahaba. Nimefurahi umeuliza mapema, maana riwaya ikishachapishwa jina bovu halitoki tena. Nianze na habari njema: Tuya ni jina zuri na la kweli. Maana yake ni miale ya mwanga. Hilo tutalihifadhi. Mengine itabidi tuyavunje na kuyajenga upya, na nitakuonyesha namna ya kufanya hivyo kwa familia hiyohiyo uliyoniletea.

Tuanze na Khan. Khan si jina la familia, ni cheo cha mtawala. Familia nzima kuitwa Khan ni kama mtu wa mbali aandike riwaya ya Zanzibar, halafu kila mtu nyumbani aitwe Sultani: Asha Sultani, Juma Sultani, bibi yao Mama Sultani. Hata Genghis, ambaye Wamongolia wenyewe humwita Chinggis, hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa Temüjin, na cheo cha Chinggis Khan alipewa mwaka 1206 alipoyaunganisha makabila. Batu na Börte ni majina ya kweli, lakini ni ya karne ya 13: Börte alikuwa mke wa Temüjin, na Batu alikuwa mjukuu wao. Kwa hiyo umechukua watu wa enzi ya kale ukawapa simu za mkononi.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Jina la Kimongolia lina tarehe ndani yake. Ukimwambia mtu wa kule jina la mhusika, anaweza kukisia alizaliwa miaka ipi, wazazi wake walitamani nini, na wakati mwingine waliogopa nini. Usichague jina kwa sababu linavutia masikioni. Andika kwanza mwaka wa kuzaliwa wa kila mhusika, kisha jiulize nani alimpa jina na nyumbani kulikuwa na hali gani siku hiyo.

Kabla ya kufika huko, elewa jinsi jina kamili linavyoundwa. Wamongolia hawatumii jina la ukoo la kurithishana kama lile tunalojaza kwenye fomu. Mtu ana jina lake mwenyewe, na mbele yake hutangulia jina la baba likiwa na kiambishi mwishoni kinachofanya kazi ya "wa" yetu. Rais aliyeongoza kuanzia 2009 hadi 2017 ni Tsakhiagiin Elbegdorj, yaani Elbegdorj wa Tsakhia. Magazeti ya kwao humwandika Ts. Elbegdorj. Ukimwita Bwana Tsakhia, umemwita baba yake. Kwa msomaji wa pwani yetu jambo hili si geni: Amani Abeid Karume ni Amani, mwana wa Abeid. Tofauti ni kwamba Wamongolia humtanguliza baba.

Sasa tazama matokeo yake ndani ya nyumba moja. Tuseme babu alikuwa Dorj. Mwanawe ni Ganbold, basi jina kamili ni Dorjiin Ganbold. Binti wa Ganbold atakuwa Ganboldyn na jina lake. Mama wa binti, ambaye baba yake alikuwa Pürev, ni Püreviin Oyuunchimeg, na anabaki hivyo hata baada ya ndoa, kwa kuwa mwanamke wa Mongolia habadilishi jina anapoolewa. Bibi, binti wa Tseren, ni Tserengiin Dulmaa. Hebu wahesabu: bibi, baba, mama na watoto wanalala chini ya paa moja, na majina ya mbele ni manne tofauti. Kwa hiyo usiandike "familia ya akina Khan" wala "akina Ganbold" kwa maana ya ukoo. Andika "nyumba ya Ganbold", na msomaji ataelewa ni nyumba ya mtu huyo hai, anayevuta kamba ya ngamia pale nje.

Kiambishi chenyewe hubadilika kufuata irabu za jina: Dorj huwa Dorjiin, Bold huwa Boldyn, Bat huwa Batyn, Davaa huwa Davaagiin. Usikibuni kwa kukisia. Chagua baba mwenye jina ambalo tayari umeona umbo lake.

Kuna jambo moja hapa ambalo waandishi wengi hulipita, nalo lina hadithi ndani yake. Mtoto ambaye baba hayupo huchukua jina la mama, na hilo halimzuii kufika popote. Khorloogiin Choibalsan, aliyeitawala nchi kwa mkono wa chuma hadi kifo chake mwaka 1952, alibeba jina la mama yake, Khorloo. Punsalmaagiin Ochirbat, rais wa kwanza baada ya mageuzi ya 1990 yaliyomaliza enzi ya ujamaa, naye jina la mbele ni la mama. Ukiwa na mhusika aliyelelewa na mama peke yake, huhitaji kueleza sana. Jina lake linatosha.

Koo zenyewe zilikuwepo zamani. Majina yake yalipigwa marufuku mwaka 1925, yakaja kurudishwa miaka ya 1990 wakati watu wengi walikuwa wameshayasahau. Wengi walijichagulia Borjigin, ukoo wa Chinggis. Mwanaanga Jügderdemidiin Gurragchaa, Mmongolia wa kwanza kwenda angani, mwaka 1981, alijichagulia ukoo wa Sansar, yaani anga za mbali. Kwa riwaya yako huna haja ya jina la ukoo, ila kama bibi ndiye pekee anayekumbuka ukoo wa kweli wa marehemu mumewe, hapo una siri nzuri ya sura nzima.

Turudi kwenye miaka. Bibi Dulmaa tumfanye aliyezaliwa 1945. Kizazi chake kilijaa majina yenye asili ya Tibet, yaliyoingia pamoja na dini ya Kibuddha baada ya Altan Khan kukutana na kiongozi wa dini kutoka Tibet mwaka 1578 na kumpa cheo cha Dalai Lama. Dulmaa ni jina la Tara, mungu wa kike wa huruma. Dorj ni ile silaha takatifu ya radi isiyovunjika. Tseren ni maisha marefu. Mwaka 1945 nyumba nyingi za watawa zilikuwa zimekwisha kubomolewa na maelfu ya watawa kuuawa katika msako wa 1937 hadi 1939, lakini majina yao yaliendelea kuitwa majumbani kama kawaida. Mzazi aliyempa bintiye jina la Dulmaa mwaka huo alikuwa anatunza kitu. Bibi wa namna hiyo ana uzito ambao "Mama Khan" hawezi kuufikia.

Katika kundi hilohilo yamo majina ya siku, na hapa msomaji wa Kiswahili atajisikia nyumbani. Nyam ni Jumapili, Davaa Jumatatu, Myagmar Jumanne, Lkhagva Jumatano, Pürev Alhamisi, Baasan Ijumaa, Byamba Jumamosi. Watu huitwa hivyo peke yake au kwa kuunganisha, kama Lkhagvasüren, na jina moja hufaa mwanamume au mwanamke. Sisi tuna Juma, Khamis, Jumanne na Mwanajuma. Mhusika akisema tu kwamba babu yake mzaa mama aliitwa Pürev kwa kuwa alizaliwa Alhamisi, msomaji wa Tanga hahitaji maelezo mengine.

Nataka nikae kidogo kwenye majina ya kinga, kwa sababu kwangu hayo ndiyo yenye utajiri kuliko yote. Mama akifiwa na watoto mfululizo, huaminika kuna pepo wabaya wanaowafuata. Basi anayezaliwa baadaye hupewa jina la kuwapoteza njia. Nergüi maana yake hana jina. Enebish: si huyu. Terbish: si yule. Khünbish: si mtu. Khenmedekh: nani ajuaye. Yupo hata Muunokhoi, mbwa mbaya, ili pepo akisikia mama anaita asione cha kutamani. Mtoto mchanga akitolewa nje usiku, hupakwa masizi usoni, na sisi pwani tunaelewa vizuri kwa nini, maana tumeona wanja kwenye paji la uso la mtoto. Wajaluo nao wana Owiti na Awiti, aliyetupwa, kwa sababu hiyohiyo ya kufiwa na waliotangulia.

Mtu mzima hubeba jina hilo kwa heshima yote. Ni mwalimu, ni dereva, ni daktari, anaitwa Enebish, na hakuna anayecheka. Kama Ganbold ana kaka mkubwa, mwite Nergüi. Usieleze chochote hadi katikati ya kitabu. Halafu usiku mmoja mpe bibi maneno machache: kabla ya Nergüi kulikuwa na watatu, na hao walikuwa na majina. Usitafsiri jina kwenye mabano wala usimwite "Hanajina" katika simulizi. Acha maana itoke kinywani mwa aliyelitoa.

Ganbold amezaliwa 1975. Hiyo ni Mongolia ya ujamaa, nchi ya viwanda na mashujaa wa kazi, na majina ya wanaume yanagonga kama nyundo: Gan na Bold yote mawili ni chuma cha pua, Tömör ni chuma, Bat ni imara, Sükh ni shoka, Baatar ni shujaa. Kiongozi wa mapinduzi ya 1921 alikuwa Sükhbaatar, shujaa wa shoka, na mji mkuu ukapewa jina la Ulaanbaatar, shujaa mwekundu, mwaka 1924. Wapo pia waliobeba siasa waziwazi: Mels, herufi za kwanza za Marx, Engels, Lenin na Stalin, Oktyabr, kwa ajili ya mapinduzi ya Urusi, hata Seseer, kutokana na herufi za Muungano wa Kisovieti. Mjomba mmoja aitwaye Mels atakupa miaka hiyo bila aya ya historia.

Ndugu wa tumbo moja mara nyingi hushirikiana kipande cha mwanzo. Ganbold anaweza kuwa na mdogo wake Gantulga na dada yao Ganchimeg. Desturi hiyo ni ya kale sana: Temüjin alikuwa na mdogo wake Temüge na dada yao Temülün.

Angalia jambo moja kuhusu Genghis uliyemweka kama kaka. Wakati wa ujamaa kumsifu Chinggis kulikuwa hatari. Mwaka 1962, wakati wa kuadhimisha miaka 800 tangu azaliwe, ilijengwa nguzo ya ukumbusho na kutolewa stempu, kisha upepo ukageuka, stempu zikaondolewa, na kiongozi wa chama aliyehusika, Tömör-Ochir, akafukuzwa. Baada ya 1990 jina likarudi kwa kishindo. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa 2003 anaweza kweli kuitwa Chinggis au Temüjin. Baba yake aliyezaliwa 1975, hapana. Ukipenda kitu tulivu zaidi, mwite kaka huyo Temüülen, mwenye hamu ya kusonga mbele, ambalo ni jina la vijana wa sasa.

Na Tuya wetu, aliyezaliwa miaka 17 iliyopita? Tuya peke yake linaelekea kuwa jina la shangazi yake. Wasichana wa umri wake utawasikia wakiitwa Nomin, Anujin, Khulan, Enkhjin. Pendekezo langu ni Nomintuya: Nomin ni lile jiwe la thamani la rangi ya buluu iliyokolea, Tuya ni miale. Jina kamili ni Ganboldyn Nomintuya. Bibi atamwita Tuya, marafiki shuleni watamwita Nomin, nawe hupotezi jina ulilolipenda.

Vifupisho vina kanuni yake. Kwa kawaida huchukuliwa kipande cha mwanzo na kuvutwa irabu: Ganbold huwa Ganaa, Sarantsetseg huwa Saraa, Otgonbayar huwa Otgoo, Mönkhbat huwa Mönkhöö. Irabu mbili zisomwe kama katika "taa" na "kondoo", na kh isomwe kama msomaji wa pwani anavyosoma Khamis. Kumbuka pia sikio la msomaji wako. Bat-Erdene, kito imara, ni miongoni mwa majina yanayopatikana sana Mongolia, lakini kifupi chake ni Bataa, na kwa Kiswahili kila ukurasa utaleta bata. Chagua mwingine.

Kuitana ndiko kutakakoipa riwaya yako adabu ya kweli. Mtoto hamtaji mkubwa kwa jina kavu, na zamani mke hakuthubutu kutamka jina la baba mkwe. Baada ya jina la mtu mzima huongezwa "guai", na anayekuzidi umri kidogo ni "akh" akiwa mwanamume, "egch" akiwa mwanamke, hata kama si ndugu. Kuna "wewe" ya heshima na "wewe" ya rika. Kiswahili kinakutosha kwa yote haya: tumia baba, mama, bibi, kaka, dada, na kwa guai tumia Mzee. Dorj guai ni Mzee Dorj. Usipachike maneno ya Kimongolia pale ambapo letu linafanya kazi ileile. Yabakize kwa vitu ambavyo kweli hatuna.

Sasa tai. Kuwinda kwa tai ni desturi ya Wakazakh wa mkoa wa Bayan-Ölgii, magharibi kabisa, kwenye milima ya Altai. Wanazungumza Kikazakh, ni Waislamu, na majina yao ni mengine: Nurlan, Serik, Aigul. Ukimpa Nomintuya tai, umemvalisha nguo ya jirani. Una njia mbili. Ama uhamishie familia nzima Bayan-Ölgii na kubadili majina yote, na hapo msomaji wetu Mwislamu atakuta salamu anazozijua. Ama ubaki Gobi na kumpa binti huyu kitu cha Gobi.

Mimi ningebaki, na ningempa ngamia. Majira ya kuchipua ngamia jike anayezaa kwa shida wakati mwingine humkataa mtoto wake. Haangalii, anapiga teke, ndama anasimama pembeni anatetemeka. Hufungwa pamoja, na mtu, mara nyingi mwanamke, huanza kuimba neno moja laini, khöös, khöös, khöös, taratibu, saa nyingine kwa muda mrefu sana, huku morin khuur, zeze la nyuzi mbili lenye kichwa cha farasi, likimfuatisha. Ngamia hulegea. Macho hujaa machozi, ndama huachwa anyonye. Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza utaratibu huu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Fikiria Nomintuya anajifunza wimbo huo kwa bibi ambaye sauti inamwisha. Hapo huhitaji tai.

Gobi pia usiijaze mchanga. Sehemu kubwa ni changarawe na majani mafupi, na matuta makubwa ya mchanga kama Khongoryn Els ni sehemu ndogo tu. Nchi yenyewe ina kilomita za mraba zipatazo milioni 1.56, zaidi ya mara moja na nusu ya Tanzania, na watu wake ni kama milioni 3.5 tu, karibu nusu yao wakiishi Ulaanbaatar. Kwa hiyo mtu akitokea upeoni huonekana mapema, na wa nyumbani wana muda wa kuteleka chai.

Mgeni wako wa kwanza asibishe hodi. Akikaribia anapaza sauti: "Nokhoi khor!" Shikeni mbwa! Mlango wa ger, yaani hema la duara la wafugaji, hutazama kusini. Anainama, anavuka bila kukanyaga kizingiti, maana kukikanyaga ni kumkosea mwenye nyumba. Katikati kuna jiko, na juu yake tundu la duara kwenye paa ambalo bomba la moshi hupitia. Upande wa magharibi, kushoto kwake anapoingia, ni upande wa wanaume na vifaa vya farasi; mashariki ni wa wanawake na vyombo. Mbele kabisa, kaskazini, ni mahali pa heshima, penye picha za familia na vitu vitakatifu. Nguzo mbili zimesimama katikati, na hakuna anayepita kati yake. Anapokea bakuli la chai ya maziwa yenye chumvi kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Mafuta yameelea juu kidogo. Jiko linanuka samadi kavu ya ng'ombe, harufu iliyo karibu na nyasi kuliko unavyodhani. Nje kuna pikipiki, sola na dishi la televisheni. Usiviondoe. Ukiviondoa umewarudisha karne ya 13 kwa mlango wa nyuma.

Maongezi ya kwanza hayahusu shida. Watauliza kama mifugo imenenepa, kama majira yanapita salama. Wasukuma na Wamaasai miongoni mwa wasomaji wako watatabasamu hapo.

Amua majira kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, kwa sababu familia ya wafugaji haikai mahali pamoja. Ina kambi ya baridi kwenye kinga ya mlima, ya kuchipua, ya kiangazi, ya vuli. Mwezi wa Julai, tarehe 11 hadi 13, ni Naadam: mieleka, mbio za farasi na kulenga mishale. Mwaka mpya, Tsagaan Sar, huja mwishoni mwa baridi, na vijana huweka mikono yao chini ya mikono ya wazee kuwategemeza wakati wa kusalimiana. Kila mtu husalimiana hivyo na mwenzake, isipokuwa mume na mke.

Baridi yenyewe huhesabiwa kwa tisa tisa, mara tisa, siku 81 tangu mwishoni mwa Desemba. Kila tisa ina alama yake. Ya kwanza pombe ya maziwa huganda. Ya tatu pembe za dume la ng'ombe la miaka mitatu huganda, ya nne za dume la miaka minne. Ya tano wali uliopikwa haugandi tena. Ya sita njia huonekana chini ya theluji. Ya tisa joto limeingia. Hiyo ni kalenda tayari kwa sura tisa, ukitaka.

Na adui wa riwaya yako yumo humo. Wafugaji wetu wana ukame; wao wana dzud, baridi ya maafa inayoua mifugo. Dzud nyeupe ni theluji nene inayofunika majani. Nyeusi ni baridi kali bila theluji, mifugo ikakosa cha kulamba mahali pasipo na maji. Ya chuma ni theluji iliyoyeyuka kidogo ikaganda tena kuwa barafu, na kwato haziwezi kuivunja. Katika dzud ya 2009 hadi 2010 walikufa mifugo zaidi ya milioni 8. Mfugaji anaamka, anafungua zizi, kondoo wamesimama wameganda. Baada ya hapo familia nyingi hukunja ger na kwenda kuisimamisha kwenye vitongoji vya Ulaanbaatar, wakinunua maji kwenye kibanda na kuvuta moshi wa makaa. Nergüi, kaka wa Ganbold, anaweza kuwa mmoja wao. Aliyenusurika na pepo utotoni, akapoteza kondoo wote ukubwani, sasa ni mlinzi wa usiku mjini.

La mwisho ni shule, ambayo haimo kabisa katika muhtasari wako. Msichana wa miaka 17 wa nyumba ya wafugaji hakai kambini mwaka mzima. Tangu tarehe 1 Septemba yuko bwenini kwenye makao ya wilaya. Kwa muda mrefu mabinti ndio waliopelekwa shule zaidi, huku wavulana wakibakizwa na mifugo. Kwa hiyo swali la Nomintuya huenda lisiwe kama ataruhusiwa kuondoka, bali kama atarudi, na swali la Temüülen ni kwa nini yeye hakwenda.

Kama ni hivyo, riwaya yako nadhani inaanza mwishoni mwa Agosti. Pikipiki imewashwa, begi limefungwa nyuma kwa kamba. Bibi Dulmaa anatoka na ndoo ndogo ya maziwa na kijiko cha mbao chenye vishimo tisa, anachota, anarusha maziwa hewani kuelekea njia anayokwenda mjukuu. Anarusha tena. Nomintuya haangalii nyuma hadi wamevuka kilima, na alipoangalia, bibi bado amesimama pale na kijiko mkononi.